Nani Anachota Chumvi ya Samaki?

Jumamosi, 1 Machi

Mawingu yamekaa juu ya Hanang tangu asubuhi, lakini mvua hakuna. Naanza kuandika leo kwa sababu leo nimeibiwa, na mtu akiibiwa bila kuandika, kesho anaambiwa alisahau.

Pampu imefika. Basi liliileta mpaka Katesh, bodaboda akaipandisha huku Endasak. Nimeichomeka kwenye tangi mbele ya mke wangu Leticia. Inanguruma vizuri kabisa, ila maji hayaendi popote. Nimeweka jani la mharage mbele ya mdomo wake nione kama litasukumwa. Jani limekaa palepale.

"Labda imechoka, safari ilikuwa ndefu," Leticia amesema, akaenda kuvua viatu vya kazini.

Niseme mambo yalivyo. Mimi ni Baltazar, mwalimu wa baiolojia, mtoto wa hapahapa. Leticia ni nesi mkunga, mtu wa Tanga. Serikali ilimleta kwenye kituo chetu cha afya, nikamwoa mwaka juzi. Baridi na ukungu wa huku vimemshinda. Krismasi tulikwenda kwao, na tuliporudi aliniambia begi likiwa bado mkononi: "Baltazar, nitajaribu mpaka masika iishe. Nisipozoea, mie naomba uhamisho nirudi pwani." Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira nisingeogopa.

Kwa hiyo nimemletea bahari. Februari nilishuka Tanga peke yangu, shemeji akanivulia samaki wawili wadogo, rangi ya chungwa, mistari myeupe, pamoja na mnyama mmoja wa kwenye mwamba mwenye vidole laini ambamo hao samaki hujificha. Nilirudi nao kwenye ndoo, na madumu ya maji ya bahari, basi zima likilalamika. Fundi vioo wa Babati alitengeneza tangi, sasa limekaa sebuleni. Leticia alipowaona aliinama, akasema, "Maskini, na nyie mmeletwa baridini."

Vifaa nanunua kwa Tomaso wa Dar es Salaam. Sura yake siijui. Namjua sauti tu, kwenye simu.

Jumatatu, 3 Machi

Nimempigia Tomaso. Ati pampu nimeipachika juu chini. Nimeigeuza. Sasa inanguruma ikiwa imegeuka.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Mvua bado. Nimefunga kula, samaki wamekula.

Jumamosi, 8 Machi

Hita imefika. Samaki wa bahari yetu hawawezi baridi ya Hanang, hata mimi naiweza kwa sababu nilizaliwa humo. Mwalimu Ezekiel, mwenzangu wa fizikia, amekuja kuiona. Ameigeuza-geuza, akasoma maandishi, akanusa.

"Umepigwa, mwalimu," amesema.

"Umejuaje?"

"Imeandikwa imetengenezwa Ujerumani, na neno Ujerumani wamelikosea."

Nimemwambia kukosea herufi si kukosea umeme. Ameondoka anacheka. Ezekiel hucheka sana akiwa nyumbani kwangu, nimeanza kujiuliza kwa nini.

Jumatatu, 10 Machi

Samaki mmoja amekufa. Nilitoka shule nikakuta maji yana joto kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Hita haikuzima. Imewaka kutwa nzima, na yule mdogo amegeuka tumbo juu. Nimempigia Tomaso mara nyingi. Alipopokea alisema, "Bosi, pole sana, ila wengine hawajalalamika."

Leticia alimtoa samaki kwa kijiko, akamzika kwenye mstari wa maharage nyuma ya nyumba. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikiwa jikoni, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nilitegemea angelia kidogo. Mtu analetewa bahari, nusu ya bahari inakufa, halafu ananawa mikono na kuuliza kama tule makande au wali.

Ijumaa, 14 Machi

Hita sasa naiwasha na kuichomoa kwa mkono. Kipima chumvi kimekuja. Nimekichovya kwenye tangi, kikasoma. Nimekichovya kwenye maji ya kisima, kikasoma vilevile. Nimekichovya kwenye chai ya maziwa, bado msimamo wake ni uleule. Hiki si kipimo, ni mtu mbishi.

Wakati wa chakula nilimwambia Leticia wazo langu. Vifaa vya kweli vipo Nairobi, ila bei yake si ya mshahara wa ualimu. Nikasema, "Yule ng'ombe wako kwa mama, tukimuuza, tunapata mashine zote mara moja."

Aliweka kijiko chini. "Ng'ombe yupi?"

"Yule wako."

"Umesema wa nani?"

"Wako. Kwa hiyo wetu."

"Mama yako anajua unasema hivi?"

Nilicheka. Kwetu bibi harusi haingii ndani kwa kuambiwa karibu. Anasimama mlangoni, anakataa, mpaka mama mkwe amtajie ng'ombe. Siku ile Leticia hakujua mila, alisimama kwa sababu miguu ilikuwa inamuuma, na mama yangu, Natalia, akadhani binti anajua thamani yake. Akamtajia mtamba wake mzuri kuliko wote, yule mwekundu mwenye paji jeupe. Watu walishangilia. Ni mila nzuri, ila mila haipashi maji joto.

Leticia alikusanya sahani. Aliosha vyombo bila kuimba.

Jumapili, 16 Machi

Mvua! Imeanza wakati wa mahubiri, padre akalazimika kupaza sauti kushinda bati.

Jumamosi, 22 Machi

Chumvi imefika, ndoo nzima, nyeupe, safi. Maji ya madumu yamekwisha, kwa hiyo kuanzia sasa bahari naipika mwenyewe kwa chumvi hii na maji ya kisima. Tomaso ameapa: "Bosi, hiyo ndiyo yenyewe, imetoka nje. Hapo sijakuuzia mbuzi kwenye gunia." Nimeonja. Ina chumvi. Kwa Tomaso, hayo ni maendeleo.

Pamoja nayo ameleta betri ya akiba, ina taa ubavuni na tundu la kuchomekea pampu. (Pampu nyingine, nilisahau kuandika. Hii inasukuma, ila kwa vipindi, kama mtu anayefikiri.) Umeme wa masika tunaujua. Tomaso anasema betri ikijaa inaendesha pampu kutwa.

Alhamisi, 27 Machi

Umeme ulikatika saa mbili asubuhi. Nilichomeka betri, nikaenda shule. Wakati wa chai nilirudi kuchungulia, imeshazima. Kutwa ya Tomaso ni kipindi kimoja cha baiolojia.

Jumamosi, 29 Machi

Chumvi inapungua. Nimechota mara moja tu tangu ifike, na nilisawazisha juu kwa kiganja. Leo kuna shimo. Nimempigia Tomaso nikamwambia kila neno ambalo mwalimu hatakiwi kulijua. Amenisikiliza, akauliza, "Bosi, sasa mimi niko Dar, nachotaje ndoo iliyoko kwako?"

Ni kweli. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Nimepiga mstari wa penseli ndani ya ndoo.

Ijumaa, 4 Aprili

Chumvi iko chini ya mstari.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimemweleza Ezekiel. Amefikiri kwa uso wa kisayansi. "Chumvi ikikaa kwenye unyevu inavuta maji, inaongezeka uzito. Haipungui. Hapo kuna mkono."

"Mkono wa nani?"

"Nani anaingia humu ukiwa shule?"

Nimemjibu hakuna. Halafu nimemwangalia yeye, maana anajua ufunguo tunauweka wapi. Amekunywa chai yangu bila aibu. Mtu mwenye hatia hawezi kunywa vikombe vitatu, au ndiyo anaweza zaidi, sijui.

Jumatatu, 7 Aprili

Leticia amechelewa kurudi. Amesema zamu ilikuwa ndefu. Viatu vyake vya mvua vilikuwa na tope jekundu mpaka magotini, na barabara ya kituo cha afya ni ya changarawe. Nywele zilinuka moshi. Nilimuuliza kama siku hizi wanazalisha jikoni. Alicheka, akanishika shavu, akaenda kuoga. Mkono wake ulikuwa na mchubuko mrefu kuanzia kiwikoni, umeshaanza kukauka. Hakuueleza.

Jumatano, 9 Aprili

Nimekutana na nesi Veronica dukani. Nikamwambia, kwa kuzunguka, poleni na zamu ndefu. Veronica akasema, "Zamu gani, mwalimu? Wiki hii Leticia anatoka mchana saa nane."

Nimerudi nyumbani nimebeba sukari ambayo sikuinunua. Imebidi nirudi kulipa.

Nilikaa mbele ya tangi nikifikiri. Saa nane anatoka, jioni ndipo anafika. Chumvi inapungua. Betri ninaijaza asubuhi, jioni imelegea. Kikulacho ki nguoni mwako, hivyo walituambia tangu utoto, ila huwa unaangalia nguo za jirani kwanza.

Jumapili, 13 Aprili

Matawi. Baada ya misa Leticia alisema anapanda kumsalimia mama. Nilitaka kwenda naye, akasema, "Wewe baki na samaki wako, anakuhitaji." Siku hizi anamwita wako. Zamani alisema wetu.

Jioni mama mwenyewe alipita njiani akitoka kanisani kwa mara ya pili. Nilimwamkia, nikamuuliza habari za nyumbani.

"Ng'ombe wapo," alisema.

"Sikuuliza ng'ombe, mama."

"Basi wapo tu."

Akaondoka haraka kwa mtu wa umri wake.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua usiku na mchana. Wanasema ziwa Balangida limezidi kupanda, wachota chumvi ya mifugo wamerudi tena na magunia matupu. Njia ya chini haipitiki. Mahindi yamefika magotini.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Leticia ameimba kwaya kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tuoane. Nyumbani amecheza na sufuria mkononi. Amekula mara mbili. Nimemuuliza kuna nini, akasema, "Hakuna, nina furaha tu, ni dhambi?"

Si dhambi. Ila mtu aliyekuwa anahesabu ukungu kama mfungwa, hawezi kufurahi hivi kwenye ukungu uleule, isipokuwa ameshaona mlango wa kutokea. Nadhani uhamisho umekubaliwa. Anasubiri tu kisingizio.

Na kisingizio ninacho sebuleni. Samaki huyu wa mwisho akifa, atasema: unaona, Baltazar, hata samaki wameshindwa.

Alhamisi, 24 Aprili

Mnyama wa vidole ameyeyuka. Asubuhi nilikuta uteute juu ya jiwe, na samaki anazunguka mahali nyumba yake ilipokuwa. Wiki mbili nimeshindwa kubadilisha maji sawasawa kwa sababu chumvi ninaibania. Nilikaa chini sakafuni. Leticia aliniletea kikombe cha maziwa, akasema, "Pole, mume wangu. Pole kweli." Macho yalikuwa na machozi.

Maziwa yalikuwa matamu, mazito. Sikumuuliza kayatoa wapi. Nilikuwa nayatazama yale machozi, nikijiuliza kama ni ya kweli.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimeamua. Nimemkumbuka yule Mhindi aliyetufundisha baiolojia chuoni, aliyekuwa akisema usiseme, onyesha. Nimehamisha chumvi ya Tomaso karibu yote kwenda maabara ya shule. Ndoo ya nyumbani nimeijaza chumvi ya kawaida ya dukani, juu nikatandaza ile ya Tomaso kidogo ili mwizi asishtuke. Sokoni Katesh nimenunua unga wa rangi nyekundu, ule wanaotia kwenye ubuyu. Ukiwa mkavu hauonekani sana. Ukikutana na jasho au maji, siku mbili hautoki.

Jumatano, 30 Aprili

Nimesita. Leo alinifulia koti.

Ijumaa, 2 Mei

Nimeuchanganya unga jioni, chini kidogo ya chumvi ya juu. Kesho asubuhi jumuiya inasali nyumbani kwangu, ni zamu yetu. Wote watakuwepo: Ezekiel, majirani, mama, na yeye. Ikiwa nimekosea, itaonekana. Sijakosea.

Jumamosi, 3 Mei

Nitaandika yote, hata yanayoniumiza.

Nilipoamka Leticia hakuwepo kitandani. Alirudi watu walipoanza kufika, akiwa na mama. Wote wawili wamelowa, wote wawili wamefunika mikono kwenye shuka zao. Nilimwamkia mama. Aliitikia marahaba bila kuniangalia, akakaa kwenye benchi la mlangoni, mikono bado ndani ya shuka. Nilijua. Na niseme kweli, kuna sehemu yangu ilikuwa inafurahi.

Mzee Tadei, mwenyekiti wetu wa jumuiya, alianza sala. Tukasoma, tukatafakari. Ikafika wakati wa kila mtu kutoa nia yake.

"Mama Natalia," Mzee Tadei alisema, "uliniambia njiani una nia nzito. Karibu."

Mama akavuta pumzi. Mimi nikasimama.

"Samahani mzee, shikamoo tena. Nyumba ni yangu, naomba nianze. Naomba kila mtu anyooshe mikono yake."

Walidhani ni namna ya kusali. Wakainua viganja juu, wengine wakafumba macho. Nikapita mbele yao, mmoja mmoja. Mikono ya jembe, mikono ya tope, mikono ya Ezekiel yenye chaki. Nikafika kwa Leticia. Alikuwa amefumba macho na yeye. Viganja vilikuwa vyekundu mpaka kwenye mistari.

Nilisema kwa sauti ambayo hutumia darasani. "Watu wa Mungu, mnamwona huyu. Mwezi mzima ananiibia. Anachota chumvi ya samaki ili wafe, apate sababu ya kurudi kwao. Ananidanganya zamu. Anatoka saa nane, anafika usiku, na mahali anapokwenda mimi sipajui."

Leticia alifumbua macho. Aliviangalia viganja vyake, akaniangalia mimi, akaangalia viganja tena.

"Ni wewe?" aliuliza polepole. "Hii rangi ni wewe uliyeiweka?"

"Nilikutega, ndiyo."

"Mungu wangu," alisema. "Mama, si damu. Si damu!"

Ezekiel akanivuta shati. "Mwalimu," akasema chini kwa chini, "mtazame na mama yako."

Mama alikuwa bado ameinua mikono. Ilikuwa myekundu kuliko ya Leticia.

"Nia yangu," mama alisema, "ilikuwa ng'ombe. Ng'ombe wa mke wako leo asubuhi ametokwa damu mdomoni. Ulimi damu, pua damu. Ndama naye aliyemlamba, damu. Tumemshika huku tunalia, tukasema anakufa. Nikasema twende kwa jumuiya, tusali, baadaye tuite bwana mifugo. Kumbe damu ni ya kwako."

Hakuna aliyecheka. Nilitamani angalau Ezekiel acheke.

"Ndama gani?" niliuliza.

Leticia alijibu, si kwa hasira, kwa uchovu. "Alizaa mwezi wa tatu mwishoni. Ndama alikuja matako mbele. Mama aliniita kwa simu, nikapanda huko na mvua. Mie nimezalisha wanawake wengi, sijawahi kuzalisha mwenye kwato. Nilipomtoa hapumui, nikampulizia puani mpaka akapiga chafya." Aligusa kiwiko palipokuwa na mchubuko. "Toka hapo ng'ombe akawa hali, hanywi, maziwa yanakauka. Mama akasema amekosa chumvi. Chumvi ya ziwani hakuna, ziwa limejaa. Ya dukani alipewa, akaigeuzia uso. Nikakumbuka ile ndoo yako. Alipoilamba tu, siku hiyohiyo akala."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulitaka kumuuza, Baltazar. Ununue mashine. Ungesikia amezaa, ungesema sasa wako wawili."

Ni kweli ningesema hivyo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Mama akaongezea, "Ng'ombe wa mlangoni mwanaume hamwuzi. Baba yako hakuwahi hata kuuliza wa kwangu anaitwa nani. Ndiyo maana nilimwambia mtoto huyu, tufunge mdomo, tumponye kwanza."

"Na uhamisho?" Nilimuuliza Leticia mbele ya watu wote. Sauti yangu ya darasani ilikuwa imeniacha.

"Uhamisho nilishaacha kuufikiria siku ile ndama alipopiga chafya. Nilikuwa nangoja anenepe kidogo, nikuite uje umwone, nikwambie mie sitoki huku tena. Nilipanga iwe kesho, baada ya misa."

Watu wote walikuwa wananingoja. Hapo palikuwa na nafasi ya kupiga magoti, au kulia, au kunyamaza tu. Nami, Mungu anisamehe, akili yangu ilikuwa bado inafunga mahesabu ya kesi. Nikasema:

"Na betri?"

"Zizini hakuna taa," Leticia alisema.

Mzee Tadei akafunga kitabu chake cha sala. "Mwalimu," alisema, "kaa chini."

Nilikaa. Walisali Baba Yetu bila mimi kufungua kinywa. Baada ya sala Leticia aliingia chumbani, akatoka na sare zake za kazi, blanketi, na viatu vya mvua. Nilisimama mlangoni kwangu, nikamwambia samahani, nikarudia. Alisema, "Nimesikia," akanipita. Mama alikuwa ameshatangulia njiani. Mvua ilikuwa inanyesha na hawakukimbia.

Jumapili, 4 Mei

Kanisani walikaa pamoja, mikono yao bado ina rangi.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Nimepika uji, nimeunguza.

Jumamosi, 10 Mei

Nimerudisha chumvi kutoka maabara. Nimebadilisha maji, samaki amechangamka, anakula mpaka kwenye kidole changu. Umeme ulikatika asubuhi mpaka jioni, na betri imeendesha pampu muda wote bila kukohoa. Chumvi iko kwenye mstari wake. Hakuna anayeingia, hakuna anayechota.

Nimempigia Tomaso kumwomba radhi. Akajibu, "Bosi, hita niliyokuuzia ilikuwa takataka, hilo nalikubali. Na kile kipimo, na pampu. Ila chumvi ile ilikuwa safi, na betri ilikuwa safi. Uliponitukana kwa hivyo viwili, iliniuma." Sikutegemea kuambiwa hivyo na Tomaso. Nimemwambia ana haki.

Jumapili, 18 Mei

Nilipanda kwa mama. Nilimkuta ndama amesimama juani, mwekundu, paji jeupe kama mama yake, mnene. Leticia alikuwa anakamua, amejifunga shuka kama wanawake wa kwetu, anasema na ng'ombe kwa Kiiraqw. Miaka yote miwili nilimwambia lugha yetu ni ngumu, hataiweza, nikaacha kumfundisha. Alinipa kikombe cha maziwa kama mgeni yeyote anavyopewa. Tuliongea habari za mahindi. Nilitaka kusema mengi, nikasema maziwa ni matamu.

Mama alinisindikiza mpaka kwenye mti wa mipaka. "Usimvute," alisema. "Ukimvuta atasimama."

Jumatatu, 26 Mei

Mvua zimekuwa za kuonja tu. Ezekiel ameniuliza kama Leticia amehama. Nimemwambia hapana. Amesema, "Basi una bahati," na safari hii hakucheka.

Jumamosi, 31 Mei

Jua. Mlima umeonekana mzima, kuanzia chini mpaka kileleni, na barabara imeanza kutoa vumbi. Masika imeisha.

Nilimsubiri njiani anaposhukia kwenda kazini. Alikuja na sare nyeupe, kidumu cha maziwa mkononi cha kuwauzia wenzake. Alinisalimia kwa Kiiraqw safi, salamu ndefu, ile ya kuuliza watu na mifugo na mvua, nami nikaitikia yote kama inavyotakiwa.

Halafu nikamwambia, "Leticia, masika imeisha."

"Nimeona."

"Sasa utarudi lini?"

Alinitazama. Hakuwa na chuki usoni, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Nirudi wapi, Mwalimu? Mie sijaondoka. Ni wewe uliyekuwa unanisubiri niondoke."

Akahamisha kidumu kwenye mkono mwingine, akaendelea na safari, kwa kuwa zamu yake inaanza saa moja na nusu na hapendi kuchelewa.